Gundi Inayofunguka

Mwezi uliopita tulikutana sebuleni kwa Hemedi, kule Silicon Oasis, watu tisa tuliowahi kufanya kazi godauni moja, kumlilia Nekesa. Alikuwa amefariki na kuzikwa kwao Bungoma bila hata mmoja wetu kufika mazikoni. Mke wa Hemedi alikuwa amepika pilau la nyama, picha ya marehemu imeegemezwa kwenye televisheni, na kiyoyozi kinatupulizia harufu ya vitunguu vya kukaanga mpaka kwenye nguo. Wakaniomba mimi nizungumze, maana kila mtu anajua kwamba nilikuwa kipenzi chake. Nikasimama na sahani yangu, nikasema alinifundisha kazi, alinivumilia, alikuwa dada kwangu katika nchi ambayo sikuwa na dada. Watu wakafuta machozi. Hemedi, ambaye ni Mzanzibari na hajabadilisha usemi wake hata kidogo kwa miaka yote aliyokaa Dubai, akanishika bega. "Umenena, yakhe. Bibi yule akikupenda weye kuliko sote. Kila akinipigia simu, swali lake la mwanzo, fundi wangu hajambo?" Nikakaa. Kipande cha nyama kikanigeuka mdomoni, nikakitema kwenye tishu na kusingizia meno.

Kinyaa kile si kigeni kwangu. Nilikipata mwaka mmoja wa ujana wangu, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba kilitokana na mambo ya nje: harufu, vumbi, chakula, wateja. Sura hii ninaiandika sasa kwa sababu Nekesa hawezi tena kuisoma, na hilo peke yake linatosha kuonyesha mimi ni mtu wa namna gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi plasta, na nilikuwa fundi hasa. Nalisema bila haya kwa kuwa ndilo chanzo cha yote. Ukuta niliopiga mimi ungeupitishia kiganja toka kona hadi kona kisikwame popote. Nilikuwa nimepiga plasta miezi mingi kwenye mnara mmoja wa Dubai Marina, nikilala Muhaisnah, ile tunayoiita Sonapur, chumba cha watu wanane wenye mataulo manane yasiyokauka. Mpaka leo nikikutana na harufu ya taulo bichi ndani ya lifti, nashuka ghorofa lisilo langu. Asubuhi moja msimamizi akanitoa kwenye basi la kampuni. Kuna madam anatafuta fundi mwenye mkono mwepesi, akasema, yalla, chukua vitu vyako. Nilidhani nakwenda kupaka rangi nyumba ya mtu. Kufika, nikajikuta nimesimama mbele ya makreti ya kobe wa mawe.

Madam alikuwa anauza visukuku, yaani mifupa ya viumbe wa kale iliyogeuka mawe. Wengine kwenye biashara ile waliuza meno ya papa na konokono. Yeye alijichagulia kobe, kobe walioishi pamoja na dinosaria, walioletwa kutoka Moroko vipande vipande, wamefungwa kwa magazeti na matambara. Wanunuzi walikuwa watu wenye nyumba kubwa, na mahoteli yenye kumbi zisizo na kitu. Kazi yetu ilikuwa kuwaosha, kuwatenga, kuwaunganisha na kuwang'arisha. Hakuna aliyeniambia kwamba mawe yananuka. Yananuka jamani. Yalipotoka kwenye beseni la siki kali tulimoyaloweka, yalitoa harufu ya mayai viza, na vumbi lake la rangi ya kutu liliingia puani, kooni, ndani ya soksi. Ukipenga kamasi unapata tope. Miswaki tuliyosugulia mifupa ilikuwa inahifadhiwa kwenye kikombe, na kikombe chenyewe kilikuwa kwenye rafu moja na vya chai. Mara mbili nilikunywa kwenye kile kisicho sahihi, na Hemedi, aliyekuwa dereva na mfungaji wa mizigo, alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyejua kinachoendelea mle ndani alikuwa mtu mmoja tu. Nekesa aliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha mifupa cha jumba moja la makumbusho kwao Kenya, mpaka mkataba wake ulipokwisha usihuishwe. Alinipita miaka kama kumi. Alizungumza habari za chumba kile jinsi wengine tulivyozungumza habari za kwetu: droo zake, taa zake, jinsi kila mfupa ulivyokuwa na kadi. Dubai kwake ilikuwa mahali pa kungojea tu mpaka apate njia ya kurudi kwenye chumba cha namna ile. Siku ya kwanza alinimwagia mezani vipande vya magamba, akaniambia nivitenge. Nikavitenga kama vigae vya bafuni, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyopinda pembeni. Akaja akavichanganya tena vyote kwa mkono mmoja.

"Fundi, hii si tailizi bana. Wachana na saizi. Geuza uone ndani."

Akanionyesha kwa mkono wake. Aliunyoosha, akaurudisha moja kwa moja kuelekea begani: kuna kobe wanaoficha kichwa hivi. Kisha akaukunja ubavuni, kiwiko nje: na kuna wanaoikunja shingo pembeni, kichwa kikalala chini ya ukingo wa gamba. "Hawa wa Moroko wengi ni wa pembeni. Lakini shingo hatuna, ilioza kitambo. Sasa utajuaje?" Nikasema sijui. "Nyonga," akasema. Kwa wale wa pembeni, mfupa wa nyonga umeshikana na gamba juu na chini, kwa hiyo hata nyonga ikipotea, kovu lake hubaki ndani ya gamba. Kwa wale wengine hakuna kovu. Ilinichukua wiki mbili kuliona la kwanza, na nilipoliona nilifurahi kuliko nilivyotaka ajue.

Halafu kulikuwa na mistari, ambayo mimi niliiita yote nyufa. Nekesa aliitenga mara tatu. Kuna ufa wa kuvunjika, ambao hauna adabu, unapita popote. Kuna mshono, pale mfupa mmoja unapokutana na mwenzake. Na kuna mfereji mwembamba ulioachwa na kingo za vile vigae vya ngozi ngumu vinavyofunika gamba la kobe aliye hai. "Ya kwanza ziba," aliniambia. "Hizo mbili usiguse. Ndizo tunasoma kujua huyu ni nani. Ukiziba, umemfutia jina." Sasa mwambie fundi plasta kwamba kuna mistari asiyotakiwa kuiziba. Nililala nayo vibaya.

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya ukuta wa plaiwudi, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikuwa na chumba cha maonyesho chenye zulia na ubaridi. Nekesa alikuwa anapika ugali na omena kwenye jiko dogo la umeme, hatua tatu kutoka kwenye mapipa ya asetoni, na ile harufu ya dagaa na dawa ya kuondolea rangi ya kucha kwa pamoja ilinifanya nile kwa kubana pua. Gundi ilikuwa inakauka vidoleni na kubanduka vipande vipande, ukitafuna tonge unasikia kitu kinakataa kutafunika. Na huku tunakula tunawasikia wateja. Mmoja aliuliza kama kuna kobe wa rangi inayokwenda na makochi yake. Mwingine, bwana mwenye sauti ya upole kabisa, alitaka kobe wake aongezwe kichwa, na kichwa hicho kitazame mlangoni, ili wageni wajione wamekaribishwa. "Lakini ni halisi?" akauliza. "Asilimia mia, sir," akajibu madam. Nekesa akaacha kutafuna.

"Kile kichwa alichoshika nimekichonga jana kwa puti," nikamnong'oneza.

"Kula, Fundi," akasema.

Niliwachukia wateja wale kwa moyo wangu wote. Nilimchukia madam na manukato yake yaliyomtangulia kufika. Sikuona ajabu kwamba kile kichwa cha puti, lile tope la kuzibia mashimo ya ukuta, nilikuwa nimekichonga kwa raha, na kwamba nilitaka bwana yule mpole akisifie.

Nekesa alikuwa na gundi yake kwenye chupa ya kahawia, punje nyeupe alizoziyeyusha mwenyewe kwa asetoni. Uzuri wake, alisema, ni kwamba ukiipangusa tena kwa asetoni inaachia. "Kila kitu unafanya hapa, mtu mwingine lazima aweze kukifungua. Labda umekosea. Labda atakuja mwenye anajua kukuliko." Sijawahi kusikia maneno ya kuniudhi kiasi kile. Fundi aliyenifunza kazi alinizaba kofi kwa sababu ya plasta iliyobanduka, na kwetu kazi ya namna hiyo ina jina lake, inaitwa kulipua. Nikaitumia gundi yake hata hivyo, kwa mwezi mmoja. Kisha madam akainua kobe mbele ya mteja, na kipande cha ukingo kikaachia kikaanguka kwenye zulia. Akaja nyuma kwetu nacho mkononi, akasema taratibu ili nielewe kila neno kwamba aliomba aletewe fundi, hakuomba mpishi wa biskuti. Hemedi alikuwepo, na wapagazi wawili, wote wakacheka. Toka siku ile, Nekesa akigeuka, mimi natumia gundi ya mirija miwili, ile unayochanganya ikishika imeshika, hata uichome haitoki.

Yule kobe alikuja wakati wa joto kali, kwenye kreti la kawaida, mchafu kama wenzake. Upande wa kushoto ulikuwa umepondeka. Nekesa alimwosha, akamgeuza, akavuta taa karibu. Siku nzima hakugusa kreti jingine. Kesho yake akaniita na kushika kidole changu, akakipitisha kwenye mishono ya tumbo. Ndani kulikuwa na kovu la nyonga, kwa hiyo alikuwa wa shingo ya pembeni, hakuna la ajabu. Lakini tumboni alikuwa na jozi ya mifupa ya ziada.

"Wenzake pia wako nayo," akasema, "lakini kwao ni midogo, imekaa tu huko kando. Huyu yake ni mikubwa, inakutana katikati. Unajua nani ako hivyo? Kobe wa matope, wa mito yetu, huyu wa leo. Nimeshika mia pale kwa chumba cha mifupa. Sasa huyu ni wa wakati wa dinosaria. Ametoa wapi tumbo ya kwetu?"

Hakuwa na hakika, na alilisema hilo mara nyingi. Akampiga picha, akamwandikia mtaalamu mmoja wa ng'ambo ambaye maandishi yake alikuwa ameyasoma zamani. Jibu lilikuja baada ya siku tano, akalichapisha kwenye karatasi, akalisoma kwa sauti mara tatu tukiwa tumekaa juu ya makreti. Mtaalamu angepita Dubai Ijumaa ijayo, akibadilisha ndege, na alikuwa na saa chache. Ikiwa tumbo ni kama linavyoonekana pichani, angemnunua kobe yule kwa ajili ya makumbusho ya kwao, wangemwandika pamoja, jina la Nekesa likiwa kando ya lake, na kulikuwa na nafasi kwenye chumba chake cha mifupa kwa mtu mwenye jicho kama hilo. Nekesa aliikunja karatasi akaiweka kifuani, ndani ya nguo. Sikuwahi kumwona akiweka kitu pale.

Madam hakukataa. Kwake mnunuzi ni mnunuzi. Lakini tayari kulikuwa na mteja mwingine wa kumchukua Jumamosi, aliyetaka kumsimamisha juu ya kioo ili tumbo lionekane, kwa hiyo kobe lazima atengenezwe awe mzima na laini, mtaalamu atamkuta hivyo hivyo. Yeye hauzi vitu vilivyovunjika, khalas. Nekesa aliomba, akaeleza, akaomba tena, mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Na Jumanne na Jumatano alitakiwa kwenda kupimwa afya na kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza. Kabla ya kuondoka akaniwekea mezani chupa ya kahawia imejaa.

"Fundi, nakuomba. Jaza, weka vipande, mfurahishe madam. Lakini tumia hii peke yake, hata kwa puti changanya na hii. Ijumaa mgeni akikuja nitapangusa tu na asetoni, kila kitu itatoka, ataona tumbo yake vile ilikuwa."

Nilichukua vipande vya kobe wengine watatu kuziba upande wa kushoto. Nilipofika kwenye ile mifupa miwili ya tumboni nilisimama, chupa mkono mmoja. Ningeweza kusema sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote godauni mle isipokuwa yeye. Lakini akilini nilimwona tena madam akiinua kobe na kipande kikianguka, nikawasikia wale wapagazi, na mkono wangu ukaiweka chupa chini ukafungua ile mirija miwili. Nikachanganya na puti, nikaziba kila mstari, ufa, mshono, mfereji, vyote kimoja, nikapiga msasa mpaka vidole vikatoka damu, nikapaka rangi. Jumatano jioni nilipitisha kiganja na hakikukwama popote. Madam akaja akapitisha chake, chenye pete, akasema, "Sasa huyu ndiye fundi." Nilifurahi. Hicho ndicho ninachokitema kila ninapotema, kwamba nilifurahi sana.

Alhamisi Nekesa alirudi, akaja moja kwa moja mezani hata mkoba hajautua.

"Ulitumia gani?"

"Yako."

"Yote?"

"Yote, dada."

Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea kwamba mtu mkubwa kama yule mtaalamu hatakuja kwenye godauni letu linalonuka, ndege itachelewa, kitu kitatokea. Watu huwa wananiuliza kwa nini Nekesa hakuendelea na mambo ya mifupa, mtu mwenye akili vile. Alimaliza mkataba kwa madam, akauza manukato kwenye duka moja miaka mingi, akarudi kwao akiwa tayari mgonjwa. Nimekuwa nikiwajibu kwamba maisha ndivyo yalivyo.

Mtaalamu alifika Ijumaa saa ya swala, Hemedi yuko msikitini, godauni limetulia. Alikuwa mama wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni, nyingine imening'inia shingoni. Nekesa alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi, amesuka nywele, amepanga pamba, asetoni na picha kwa utaratibu mezani. Akaeleza kwa Kiingereza safi, bila kutetemeka, kwamba gundi iliyotumika ni ya kufunguka, subiri kidogo. Akapangusa. Rangi ikatoka, chini yake ikaonekana puti, ngumu, yenye kung'aa. Akaweka pamba iliyolowa juu yake akasubiri. Akabadilisha pamba. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa pamba, namkabidhi moja baada ya moja, na kila niliyopokea kutoka kwake ilikuwa haina hata alama ya gundi. Dakika kumi, nusu saa. Mvuke wa asetoni ulitutoa sote machozi, ikawa huwezi kujua nani analia. Akajaribu kwa ncha ya kisu, na palipobanduka pakabanduka na mfupa wenyewe, akaacha haraka, akaweka kisu chini.

Mtaalamu alibadilisha miwani, akatazama picha, akatazama tumbo, akapitisha ukucha kwenye viungo nilivyoviunganisha. Alikuwa mpole. Alisema anaziamini picha, lakini hawezi kumpa jina mnyama ambaye hakuna atakayeweza kumwona. Tumbo lile sasa lilikuwa la kobe wanne, na kulikata kungeondoa mifupa ile ile iliyomleta. Akauliza gundi ni ya nani.

"Yangu," Nekesa akajibu. "Chupa imekaa na joto sana. Imeharibika. Ni makosa yangu."

Teksi ilikuwa inangoja nje na injini inaunguruma. Mtaalamu akatushika mikono sote wawili, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akaniambia mimi kwamba kazi ni nzuri sana. Nikasema asante.

Nekesa alikaa juu ya kreti. Nilidhani ataniuliza, na nilikuwa nimeshaandaa uongo wa pili. Aliniangalia na macho mekundu ya asetoni, akanishika mkono, ule ule uliofungua mirija.

"Fundi, nisamehe. Nilikupa gundi mbovu. Umefanya kila kitu vile nilikwambia, na sasa yule mama, hata kama nimemwambia ni mimi, anaenda akidhani wewe ndiye uliharibu. Nisamehe, ndugu yangu."

Nikamwambia hakuna neno, dada, nimekusamehe. Akanishukuru.